Mstari Uliofuata

Siku tulipomzika Mama Mlezi, kila aliyesimama kusema alisema alikuwa mtu wa Neno. Ni kweli, sina ubishi. Mimi sikuitwa kusema, na hata ningeitwa nisingejua nianzie wapi, kwa sababu mambo ninayoyajua juu yake hayakubali kukaa pamoja. Nimesoma hadi darasa la saba na ninauza mboga soko la Marikiti, hapa Mombasa. Nitayaandika kama yanavyonijia. Anayetaka maneno mazuri aliyapata makaburini.

Katika kanisa letu, mama mlezi ni mwanamke mzima anayekabidhiwa wasichana wanaokaribia kuolewa na wake walioolewa karibuni. Huwafundisha, huamua ugomvi wao, huwa nao wanapojifungua. Kanisa lilikuwa na walezi wengine, lakini ukisema Mama Mlezi, watu wa Bondeni, hata wasioingia kanisani maishani mwao, walijua ni yeye. Alinilea mimi, kisha akamlea mdogo wangu. Mimi niko hai. Mdogo wangu hayuko. Miaka yote baada ya hapo nilingoja neno moja kutoka kinywani mwa Mama Mlezi, na kila ninalolikumbuka juu yake sasa linapita kwenye neno hilo.

Alikaa chumba cha uani katika nyumba kongwe ya mawe, ukipita ukumbini kwa mwenye nyumba na kushuka ngazi mbili. Kitanda, meza, mikeka imesimamishwa pembeni. Ukutani hakuna picha, hata ya Yesu. Alisema hajaona mahali palipoandikwa kwamba apigwe picha. Biblia yake aliivika kipande cha kanga kama watu wanavyovika mito, na kila kanga ilipochakaa aliishonea nguo mpya.

Darasa lilikuwa Jumamosi baada ya adhuhuri. Tulikuwa wanawake kumi, pengine kumi na wawili, tumekunja miguu mkekani, na msikiti wa ng'ambo ya uchochoro ndio uliokuwa saa yetu. Ikiadhiniwa alasiri, tumemaliza. Mmoja wetu alisoma mstari mmoja. Mmoja tu. Asiyejua kusoma aliurudia kwa mdomo. Halafu Mama Mlezi alikichukua kitabu, akakifunga kwa kishindo, akakiweka mapajani na kuweka kiganja juu yake, na kuuliza:

"Haya. Tumeambiwa tufanye nini?"

Jibu lilitakiwa liwe la mikono. Siku moja binti mmoja aliyetoka kuolewa alijibu kwamba tumeambiwa tuwe na upendo.

"Upendo unafuliwa?" Mama Mlezi akamuuliza.

"Hapana, Mama."

"Unapikwa?"

"Hapana."

"Basi sema kitu."

Binti akafikiri. "Nitampelekea mama mkwe wangu samaki."

"Lini?"

"Wiki hii."

"Samaki gani?"

Tukacheka mpaka mwenye nyumba akagonga ukuta. Binti mwenyewe alikuwa akifuta machozi ya kicheko. "Changu, Mama."

"Haya, changu. Jumamosi utatwambia kama alimla."

Na Jumamosi iliyofuata alimuuliza kweli, na ikawa mama mkwe alimla yule changu lakini akalalamika ametiwa chumvi nyingi. "Hatukuambiwa asilalamike," Mama Mlezi akasema. "Tupite."

Hilo nalo lilikuwa neno lake. Tukisoma mahali pasipo na agizo, penye majina ya wazee waliozaa wazee, au wanyama wenye vichwa vingi, alisema, "Hapa hatujaambiwa kitu. Tupite." Mahubiri yalimpa usingizi. Alilala mchana kweupe kwenye benchi la mbele, kichwa begani kwa jirani, na liliposomwa Neno aliamka kama mtu aliyeitwa jina. Biblia kwake ilikuwa kama maagizo anayopewa mtumishi wa nyumbani asubuhi: fagia hapa, chemsha hiki, mgeni atakuja saa fulani. Hujadiliani na maagizo. Unakwenda kufagia.

Niliwahi kumuuliza kwa nini lazima akifunge kitabu kabla ya kuuliza.

"Kitabu kikiwa wazi," alisema, "macho hutafuta pa kutokea."

Niliyapenda maneno hayo. Niliyabeba mpaka sokoni na kuwaambia wenzangu.

Sitaki mtu adhani alikuwa mkavu. Mimba yangu ya kwanza iliharibika, na watu walikuja kwa wingi wakiwa na maneno. Ni mpango wa Mungu. Utapata mwingine. Mama Mlezi alikuja peke yake, akaketi sakafuni, akaanza kulia. Alilia kwa sauti, machozi yanamtiririka mpaka shingoni. Mimi niliyekuwa nimeganda nikaanza kulia naye. Tulipochoka alijifuta kwa ncha ya leso, akatazama huku na huku, na kuuliza, "Sabuni yako iko wapi?" Akafua shuka zangu zote, zile zenye damu kwanza. Baadaye sana nilimuuliza alijuaje la kufanya. Alinishangaa. "Si tumeambiwa tulie na wanaolia?" Kwake hakukuwa na siri yoyote hapo.

Mwenye nyumba alikuwa Mwislamu wa ukoo wa hapo hapo, mjane, mwanamke mwenye ulimi. Tulimwita Bi Mkubwa. Hao wawili walikuwa wakitaniana tangu kabla ya mimi kuzaliwa. Mama Mlezi alisoma kwamba mtu akifunga anawe uso na kujipaka mafuta kichwani, watu wasijue kuwa amefunga. Basi akawa hivyo. Siku za kawaida nywele zake zilikuwa kavu kama makumbi ya nazi. Siku ya kufunga aliibuka chumbani uso unang'aa, nywele zinatiririka mafuta ya nazi.

"Haya mwamuona?" Bi Mkubwa alipiga kelele kutoka jikoni, nyumba nzima isikie. "Kajipaka mafuta! Leo kafunga huyo!"

"Bi Mkubwa, ni siri."

"Siri gani, nawe wanukia kama wali wa harusi?"

Lakini Mama Mlezi hakuacha kupaka mafuta. Aliambiwa apake. Kama watu walijua, hilo si lake. Na Ramadhani ilipofika, Bi Mkubwa akimletea futari, kaimati na viazi vya nazi, alikula vyote bila kuuliza, kwa kuwa tumeambiwa tule tunachowekewa mbele. Wazee wa kanisa walimwita kumhoji juu ya hiyo futari. Aliwauliza swali moja tu: "Nilete ile kaimati muionje?" Hawakumwita tena.

Ndiyo yake ilikuwa ndiyo, na siyo yake siyo. Aliuchukulia mstari huo mpaka madukani. Alitajiwa bei, akalipa au akaondoka. Muuza vitambaa mmoja, Mhindi mzee wa mjini, alimlalamikia mbele yangu. "Mama, wewe hapana sema punguza, hapana sema ghali. Mimi nafanya kazi gani hapa? Raha yote wewe naondoa!" Tangu siku hiyo alimtajia bei ya mwisho mara moja na kununa.

Na kuna ile habari ya kamba. Aligombana na jirani mmoja Jumamosi juu ya kamba ya kuanikia nguo uani. Jumapili, watu wakiwa katika foleni ya sadaka, alifika mbele ya madhabahu, akasimama, akaiweka bahasha yake chini pale pale na kugeuka. Alitoka kanisa zima likimtazama. Alikwenda kwa miguu mpaka Bondeni, akamkuta yule mwanamke anakaanga viazi karai mlangoni.

"Nimekuja kuomba msamaha kwa ajili ya kamba."

"Kamba gani?"

"Ya jana."

"Aa, ile!" Mwanamke hakuinua macho kwenye karai. "Kwani leo huendi kanisani?"

"Nimetoka huko."

"Ala! Basi rudi, Mama, viazi vyaniungulia."

Alirudi watu wakitawanyika. Aliingia peke yake, akaiokota bahasha, akaitia kapuni. Alinisimulia mwenyewe, akicheka. Lakini alisema pia, na hapo hakuwa akicheka, kwamba tangu alipokuwa msichana hajawahi kuikaribia meza ya Bwana akiwa na neno kati yake na mtu. Hata mara moja. Aliliona hilo kuwa ndilo agizo lililo wazi kuliko yote. Acha sadaka yako. Nenda kwanza.

Nakumbuka alivyokuwa akisema "kwanza", kidole juu.

Mdogo wangu ndiye aliyejua kumuiga. Alikaa mkekani nyuma kabisa, akafunga kitabu cha nyimbo kwa kishindo, akaweka kiganja juu, akakunja uso na kuuliza, "Haya, tumeambiwa tule nini?" Mama Mlezi alimfumania siku moja. Badala ya kukasirika alicheka mpaka leso ikamdondoka kichwani. Alimpenda. Nasema hivi kwa sababu ni kweli, na kwa sababu ingekuwa rahisi zaidi kwangu kama asingempenda.

Mdogo wangu aliolewa na mtu wa Mbaraki, aliyefanya kazi huko bandarini. Waliishi gorofani karibu na malori, vumbi la bandari likilala madirishani hata akifuta mara ngapi. Mama Mlezi ndiye aliyemwandaa kwa harusi na ndiye aliyempeleka mkono kwa mkono. Kupigwa kulianza mapema. Mimi nilijua kidogo. Mdogo wangu alikuwa mtu wa kufanya kila jambo mzaha, na ukimuuliza juu ya jicho lake alikwambia amebishana na mlango.

Siku aliyoamua kutoka ilikuwa Jumamosi. Alichukua begi, akaja Marikiti kunitafuta. Nilikuwa nimevuka daraja kwenda soko la Kongowea kununua mchicha wa jumla, kwa kuwa wetu ulikuwa umekuja umenyauka. Mwenzangu wa meza ya pili alimwambia angoje. Alingoja kidogo, begi miguuni, mahamali wakimpigia kelele apishe mikokoteni. Kisha akasema, "Basi nitakwenda kwa Mama Mlezi. Leo si darasa?"

Yaliyofuata niliambiwa na wanawake waliokuwapo, na wote waliyasema sawa. Mama Mlezi alimkalisha kitandani, si mkekani. Alichemsha maji, akaikanda nyusi iliyopasuka kwa kitambaa, taratibu. Alimpa chai na mkate wa mofa na kumngoja amalize. Halafu aliomba asomewe pale mtume anapowaambia waliooana kwamba mke asimwache mumewe. Mstari mmoja. Akakichukua kitabu, akakifunga.

"Haya. Tumeambiwa tufanye nini?"

Mdogo wangu akajibu mwenyewe.

"Nirudi."

"Lini?"

"Leo."

Alilisema kwa ile sauti yake ya kuigiza, wakaniambia, lakini hakuna aliyecheka.

Mama Mlezi alipanda naye tuktuk mpaka Mbaraki. Alisema na yule mwanamume mlangoni, akamsomea naye mstari wake, kwamba mume ampende mkewe kama mwili wake mwenyewe. Akamuuliza ameambiwa afanye nini. Mwanamume alijibu vizuri sana. Alimwita Mama. Alilichukua begi na kulipandisha ngazi kwa mkono wake.

Nilipomwendea mdogo wangu siku iliyofuata alisema mambo yametengenea, na nisimharibie. Alikufa kabla mvua za masika za mwaka huo hazijaisha. Mumewe alisema ameteleza ngazini, ngazi zilikuwa na maji. Kulikuwa na kesi. Ikaahirishwa, ikaahirishwa tena, kisha tukaacha kuitwa. Mume yule alihama Mombasa. Sijui alipo.

Kwenye matanga Mama Mlezi alikuja, akasimama kando ya mlango. Nilimtazama. Nilikuwa nikimngoja aketi sakafuni kama alivyoketi kwangu zamani. Hakulia. Alisimama mikono imeshika leso, mdomo umekaza, na alipoondoka sikumwona.

Wageni walipokwisha niliifungua Biblia yangu. Nilitaka kuona kama ni kweli imeandikwa. Imeandikwa. Nilikuwa peke yangu, hakuna wa kukifunga kitabu, na macho yangu yakateremka. Chini yake tu, upana wa kidole, mtume huyo huyo anaendelea: lakini kama ameshamwacha, basi na akae bila kuolewa, au apatane na mumewe.

Na akae.

Mimi si mtu wa kufasiri. Nilifundishwa nisome na nifanye. Nilipousoma mstari huo kama nilivyofundishwa, niliona umemwandikia mtu aliyekwisha toka na begi lake yuko mlangoni. Ulimpa mahali pa kukaa. Nilikuwa na chumba. Nilikuwa na mkeka wa ziada. Alichohitaji ni sisi tusiwe na haraka ya kufunga kitabu.

Tangu hapo darasa lilikoma. Mama Mlezi alisema miguu inamsumbua. Kanisani alihama benchi la mbele akakaa la mwisho, karibu na mlango, na watu walipokwenda mezani kwa Bwana yeye alibaki amekaa. Wengine walidhani ni magoti. Mimi nilijua si magoti. Sadaka pia hakuipeleka tena. Kulikuwa na mtu mwenye neno juu yake, na mtu huyo alikuwa mimi, mabenchi machache mbele yake, kila Jumapili.

Nilimngoja aje. Alitembea kutoka kanisani mpaka Bondeni kwa ajili ya kamba. Kutoka Bondeni mpaka Marikiti ni karibu zaidi. Nilikuwa nikiwaza, leo atakuja. Atasimama mbele ya meza yangu, kati ya mchicha na kisamvu, na kusema, mwanangu, nilikosa. Nilikuwa nimetayarisha hata la kumjibu, na kila mwaka nilitayarisha jingine. Alikuja sokoni mara nyingi. Alinunua mboga kwa wengine, upande wa pili, na kuondoka kichwa chini. Miaka ikapita hivyo. Sikuacha kanisa. Niliendelea kufanya yaliyoandikwa, moja moja, kama mtu anayefagia nyumba ambayo wenyewe wamehama.

Halafu mwaka huu Bi Mkubwa akanipigia simu. Hatukuwa tumesemezana muda mrefu. Hakunisalimu, na kwa mtu wa Mombasa wa umri wake hilo peke yake lilinitisha.

"Ndoo kwangu upesi. Mwenzio yuwafa."

Nilimkuta kwenye baraza ya nyumba yake, na kando yake ameketi mchungaji wetu, kijana mpole aliyeletwa kanisani juzi juzi. Alikuwa na mkoba mdogo magotini. Nilijua kilichomo: mkate, divai, kitambaa cheupe. Huwapelekea meza ya Bwana wagonjwa wasioweza kufika kanisani. Bi Mkubwa alikuwa amempa kahawa na haluwa, na haluwa haikuguswa.

"Amenikatalia jana na amenikatalia leo," mchungaji akasema. "Hatapokea mpaka apatane na wewe. Nimemwambia Bwana anaujua moyo wake. Ameniuliza hilo limeandikwa wapi."

"Maskini, asema na ukuta huyu," Bi Mkubwa akasema. Kisha akanigeukia. "Nawe una moyo mgumu, lakini nakupa haki yako. Kuna jambo hulijui. Yeye mwenyewe aliingia nyumba hii na begi. Wakati huo mamangu yu hai bado. Uso umevimba hivi, meno mawili hana. Alimkimbia mumewe huko kwao, na hakurudi, na hakuolewa tena mpaka leo. Mwanamume mzima, mwenye duka, alimposa hapa hapa ukumbini, akamwambia siyo. Haya. Sasa ingia."

Nilisimama pale barazani nikishika nguzo. Nilikumbuka meno yake mawili ya kubandika. Alituambia yake mwenyewe yaling'olewa na daktari. Hapana. Hakusema hivyo. Hakuwa mtu wa kusema uongo. Sisi ndio tuliodhani, na yeye alinyamaza.

Nikapiga hodi.

"Karibu," alisema. Sauti ilikuwa nyembamba, lakini ni yake. "Umekuja kwa miguu?"

"Kwa tuktuk."

"Kaa."

Mikeka ilikuwa bado imesimamishwa pembeni, imeliwa na wadudu. Nilikaa ukingoni mwa kitanda, pale alipokaa mdogo wangu. Alikuwa amekonda, mkono kama mwiko. Sikumuuliza hali.

"Uliujua mstari uliofuata," nikamwambia.

"Niliujua."

"Ulikuwa ukiishi ndani yake."

"Miaka yote." Alipumzika kidogo. "Nilimwacha mume nikakaa, kama alivyoandikiwa aliyeshindwa. Nilijiona siku zote nakula makombo ya meza. Mtoto yule nilimpenda. Sikutaka ale makombo. Nilitaka apate sahani nzima."

"Makombo yangemweka hai."

"Ndiyo," alisema.

Nilikuwa nimengoja miaka yote hiyo kusikia kwamba alikosa, na sasa alikuwa amekiri, na ndani yangu hakukusogea kitu. Uani mtu alikuwa akisugua sufuria kwa mchanga.

"Kwa nini hukuja kwangu?"

"Nije niseme nini? Nisamehe?" Alinitazama. "Ningesema, ungelazimika. Nilikufundisha mwenyewe: ndugu yako akitubu, msamehe. Na wewe unafanya unachoambiwa, katika wote niliowafundisha, wewe ndiye uliyefanya. Ungenipa kwa kuwa imeandikwa. Nimekwisha kukuchukulia mdogo wako. Sikutaka nikuchukulie na uchungu wako."

"Na sasa?"

"Sasa pia sikuombi. Nakuuliza tu. Kuna neno kati yetu?"

Nilijua ninachoulizwa. Nje kulikuwa na mkate. Ningesema hakuna, na yeye angekula, na angekufa ameshiba kile alichokosa miaka hiyo yote. Neno dogo, na hakuna ambaye angelijua ila mimi na Mungu. Nilimtazama usoni. Nilitafuta ndani yangu kama mtu anayetafuta ufunguo mkobani, mahali pale pale mara nyingi.

"Lipo, Mama."

Aliitikia kwa kichwa taratibu, kama alivyokuwa akifanya tukipata jibu. "Umefanya vyema. Usiseme uongo kwa ajili yangu."

Kisha akaniomba nimsomee. Sikumuuliza wapi. Nilikichukua kitabu mezani, katika nguo yake ya kanga, nikafungua pale. Niliusoma mstari wa kwanza, na sikusimama, nikausoma wa pili. Nilipomaliza mkono wake ukanyanyuka kutoka kwenye shuka, kwa mazoea tu nadhani, ukaja kukifunga. Nikauzuia. Tukakaa hivyo, mkono wake chini ya wangu, kitabu kiko wazi.

"Tumeambiwa tufanye nini, Mama?"

Sidhani kuna mtu aliyewahi kumuuliza yeye. Midomo yake ilianza kujibu, kisha ikasita. Alitazama ukurasa, ambao macho yake hayakuweza kuusoma tena.

"Sijui, mwanangu," alisema.

Nilimpa maji kwa kijiko. Nikaugeuza mto wake upande wa baridi. Msikiti ukaadhini alasiri, na sote wawili tukangoja mpaka ukaisha, kwa kuwa hiyo ndiyo iliyokuwa saa yetu ya kuondoka. Nikaondoka. Kitabu nilikiacha wazi kifuani pake.

Barazani mchungaji alisimama haraka, mkoba mkononi. Bi Mkubwa hakusimama, alinitazama tu mdomo umekaza.

"Mmepatana?" mchungaji akaniuliza. "Niingie?"

Ningeweza kusema bado. Bado ni neno lenye mlango, mtu huweza kungoja nje yake. Lakini nilikuwa nimetoka kumwona, na nilijua usiku ule hautampa kesho, na nilijua kilichomo moyoni mwangu.

"Hapana, Mchungaji," nikamwambia.

Aliketi tena. Bi Mkubwa akakichukua kikombe cha mchungaji kilichopoa, akaimwaga ile kahawa uchochoroni, akammiminia nyingine.